Shajara ya mradi: kuboresha shokapu za mbele za pikipiki

Wiki ya kwanza, Jumamosi: kupima kabla ya kufungua

Pikipiki hii ina shokapu za mbele za teleskopu za aina ya zamani na rahisi: bomba la ndani lenye kipenyo cha milimita 41 linaloteleza ndani ya gamba la alumini, springi moja katika kila mguu, na fimbo ya ndani yenye matundu ambayo oili hulazimishwa kuyapitia kila gurudumu linapopanda na kushuka. Safari yake kamili, yaani umbali wote inaoweza kubanwa, ni milimita 140. Malalamiko yangu ni mawili, na kwa muda mrefu niliyaona kuwa yanapingana. Nikikaba breki ya mbele, pikipiki huinama ghafla hadi karibu na mwisho wa safari. Lakini gurudumu likigonga ukingo mkali wa shimo, mikono hupokea pigo gumu kama la gari lisilo na springi kabisa. Iweje kitu kimoja kiwe laini kupita kiasi na kigumu kupita kiasi?

Nimeamua kutonunua chochote mpaka niwe na namba. Kipimo cha kwanza ni kiasi ambacho shokapu huzama kwa uzito pekee, bila mwendo wowote. Niliinua sehemu ya mbele kwa jeki chini ya injini hadi gurudumu likaning'inia, nikapima kutoka kwenye sili ya vumbi hadi ukingo wa kikamatio cha chini (kimoja cha vipande viwili vinavyoyashika mabomba chini ya usukani), nikapata milimita 188. Kisha niliishusha, nikaipanda nikiwa nimevaa helmeti, koti na buti kama ninavyosafiri, na mdogo wangu akashika rula. Kipimo hiki hudanganya ukikichukua mara moja tu, kwa sababu msuguano wa sili na bushi (pete ambazo bomba huteleza juu yake) huikamata shokapu popote inaposimama. Kwa hiyo tulibonyeza sehemu ya mbele chini na kuiacha ipande polepole yenyewe, ikasimama kwenye 123. Tukaiinua na kuiacha ishuke polepole yenyewe, ikasimama kwenye 137. Wastani wake ni 130, yaani shokapu imezama milimita 58, ambazo ni asilimia 41 ya safari yote. Kwa pikipiki ya barabarani kiwango kinachofaa ni kati ya asilimia 30 na 35. Pikipiki ikiwa peke yake, bila mtu, inazama milimita 35.

Tofauti kati ya 123 na 137 nayo ni habari muhimu. Milimita 14 ndiyo eneo ambalo msuguano unatawala na springi haina sauti. Shokapu yenye bushi nzima na sili nzuri haipaswi kuwa na pengo kubwa hivyo.

Wiki ya kwanza, Jumapili: kufungua

Nililegeza boliti za kikamatio cha juu kwanza, kisha nikalegeza vifuniko vya juu vya mabomba yote mawili kwa robo mzunguko yakiwa bado yameshikwa na kikamatio cha chini, kwa kuwa bomba likishatoka ni shida kulishika bila kulikwaruza. Boliti ya alenki iliyo chini ya kila gamba nayo niliilegeza springi ikiwa bado ndani, kwa sababu ni msukumo wa springi unaoizuia fimbo ya ndani isizunguke pamoja na boliti. Mguu wa kushoto ulikubali mara moja. Wa kulia ulizunguka bure, na ilibidi mdogo wangu aikandamize shokapu kwa nguvu zake zote huku nikigonga spana kwa mapigo mafupi mpaka boliti ikaachia. Kifuniko cha juu nilikifungua nikiwa nimekiwekea kiganja juu yake na uso ukiwa kando, maana springi iliyobanwa hukirusha.

Oili iliyotoka ilikuwa ya kijivu, nzito, yenye chembe za chuma zilizong'aa kwenye mwanga. Mguu wa kushoto ulitoa mililita 80 zaidi ya ule wa kulia, na sili ya kulia ilikuwa na unyevu, kwa hiyo sehemu ya tofauti hiyo imevuja na sehemu labda haikuwahi kumiminwa. Kwa jinsi ilivyotiririka, naamini mtu aliyewahi kuifungua kabla yangu alimimina oili nzito kwa makusudi ili kuficha udhaifu wa springi. Ni tiba ya kawaida, nami naiona kuwa mbaya, kwa sababu oili haibebi uzito. Oili huchelewesha tu mwendo. Mwishowe shokapu huzama palepale ingezama.

Bushi za ndani zimelika: rangi ya kijivu iliyokoza ya tefloni imetoweka upande mmoja na shaba inaonekana. Mabomba niliyaviringisha juu ya kipande cha kioo kinene nikitazama mwanga chini yake, na hayakupinda. Kuna kutu ya vitone vitatu kwenye bomba la kulia, lakini viko juu ya eneo ambalo sili hufika. Nilivisugua kwa msasa wa 2000 uliolowa oili na kuviacha.

Nilipoondoa miguu yote miwili, nilizungusha usukani mtupu kwa kidole. Ulinasa katikati, mahali pa kwenda moja kwa moja. Beringi za shingo zimejichimbia vishimo kwenye njia zake. Sikuzipanga katika mradi huu, lakini kuweka shokapu nzuri chini ya shingo inayonasa ni kupoteza kazi, kwa hiyo zimeingia kwenye orodha.

Wiki ya pili: springi mezani

Hii ndiyo sehemu niliyoingoja. Niliiweka springi juu ya mizani ya kupimia uzito wa watu, chini ya mashine ya drili ya kusimama, ikiwa imevikwa bomba la plastiki ili isipinde, nikaibonyeza kwa mkono wa mashine bila kuiwasha. Kwa milimita 20 mizani ilisoma kilo 13. Kwa milimita 40, kilo 26 na nusu. Kwa milimita 60, kilo 40. Hiyo ni kilo 0.66 kwa kila milimita, au takriban niutoni 6.5 kwa milimita. Springi zote mbili kwa pamoja hutoa kilo 1.32 kwa milimita.

Sasa upande wa mzigo. Niliweka mizani ileile chini ya gurudumu la mbele, nikaliinua la nyuma kwa ubao wa kimo kilekile ili pikipiki isimame sawa. Nikiwa juu yake, mbele inabeba kilo 126. Gurudumu, breki, ekseli na magamba ya chini hayabebwi na springi, nami nayakadiria kuwa kilo 17, hivyo springi zinabeba kilo 109. Shokapu hazisimami wima bali zimelala kwa nyuzi 25, kwa hiyo nguvu inayopita ndani yake ni kama kilo 99. Gawanya kwa 1.32 upate milimita 75. Toa milimita 15 ambazo springi ilikuwa imebanwa tayari na kipande cha bomba kilicho juu yake, zinabaki 60. Rula ilikuwa imesema 58, na hewa iliyofungiwa juu ya oili inatosha kueleza milimita mbili zilizobaki.

Kwa hiyo fumbo la kwanza limefumbuliwa: springi ni dhaifu kwa mzigo huu. Zikishazama milimita 58 kabla safari haijaanza, zinabaki 82 za kupokea kila kitu kingine, pamoja na uzito wote unaohamia mbele breki inapokabwa. Nimeagiza springi za kilo 0.90 kwa milimita, zenye urefu uleule. Ningeweza kuchukua 0.85 na kuzibana zaidi, lakini kubana hakuongezi ugumu wa springi. Huinua tu mahali inapoanzia. Ni bora springi yenye nguvu ya kutosha iliyobanwa kidogo. Pia nimechagua zile ambazo ugumu wake haubadiliki mwanzo hadi mwisho, na si zile zinazoongezeka ugumu kadiri zinavyobanwa, kwa sababu tayari hewa iliyo juu ya oili hufanya kazi hiyo ya kuongezeka, na nataka hesabu ninayoweza kuirudia.

Wiki ya nne, Jumamosi: kuunganisha kwa mara ya kwanza

Beringi mpya za shingo ni za roli zilizochongoka badala ya gololi. Nilizijaza grisi, nikakaza nati mpaka usukani ukawa unaanguka wenyewe pembeni kwa uzito wake bila kunasa na bila kuchezacheza.

Kwenye shokapu, bushi zote ni mpya, sili za oili ni mpya, na washa za shaba za boliti za chini ni mpya. Ukingo wa juu wa bomba nilizungushia kipande cha mfuko wa plastiki uliopakwa oili kabla ya kupitisha sili, kwa kuwa mdomo wa sili hukatwa na ukingo huo kwa urahisi na mkato hauonekani mpaka oili ianze kuvuja. Sili niliishindilia kwa bomba la plastiki lenye kipenyo cha kufaa, nikigonga kwa zamu kila upande mpaka mfereji wa klipu ukaonekana mzunguko mzima.

Kuhusu oili, namba ya W iliyoandikwa kwenye chupa haiaminiki kwa kulinganisha chapa moja na nyingine. Kinacholinganishika ni unato wake, yaani jinsi inavyokataa kutiririka, kwa nyuzijoto 40, ambao watengenezaji wengi huuandika kwenye karatasi ya maelezo. Nilichukua ya 10W na kuipima kwa kimo, si kwa ujazo: springi ikiwa nje na shokapu ikiwa imebanwa hadi mwisho, nilipandisha na kushusha fimbo polepole hadi mapovu yakaisha, kisha nikaacha milimita 150 za hewa kutoka ukingo wa juu wa bomba. Miguu yote miwili ililingana.

Kabla ya kuweka springi nilirudisha miguu mahali pake na kuiinua hadi mwisho wa safari, ili nione kama tairi au bawa la tope litagusa kikamatio cha chini. Springi mpya zitainua sehemu ya mbele na kuifanya pikipiki iwe nzito kugeuka, kwa hiyo nilitaka kuyapandisha mabomba milimita 10 ndani ya vikamatio. Nafasi ipo.

Vipimo vya kwanza vilinisikitisha. Pengo la msuguano lilikuwa bado milimita 11, licha ya bushi na sili mpya. Nililala na swali hilo.

Wiki ya nne, Jumapili: ekseli

Jibu lilikuwa kwenye ekseli. Jana nilikaza kila kitu gurudumu likiwa hewani, na boliti za kubana ekseli zililivuta gamba la kulia milimita moja hivi kuelekea ndani, hivyo miguu haikuwa sambamba tena na kila bushi ilisugua upande mmoja. Leo nililegeza boliti hizo, nikaishusha pikipiki, nikakaba breki ya mbele na kuibonyeza shokapu kwa nguvu mara kumi, gamba likajitafutia mahali pake, ndipo nikakaza. Pengo likashuka hadi milimita 6: vipimo ni 146 na 152, wastani 149. Kuzama kwangu sasa ni milimita 39.

Naona vema kusisitiza jambo hili, kwa sababu ni kazi ya dakika tano isiyogharimu chochote, na ilipunguza msuguano zaidi ya bushi na sili mpya kwa pamoja.

Nilifunga kamba ndogo ya plastiki kwenye bomba la ndani ili isukumwe na sili na kubaki pale shokapu ilipofika mbali zaidi, nikabonyeza lever ya breki mpaka pedi zikakutana na diski, ndipo nikatoka. Kwa breki kali kamba ilisimama kwenye milimita 118. Kabla ya mradi ilikuwa ikifika 137. Pikipiki sasa inainama kwa kiasi na kutulia.

Lakini pigo kwenye ukingo wa shimo bado lipo, limepungua kidogo tu.

Wiki ya tano: kwa nini pigo bado lipo

Nimetumia jioni tatu kulielewa hili. Mwaka 1935 BMW ilipotoa R12, pikipiki ya kwanza ya kuzalishwa kwa wingi yenye shokapu za teleskopu zinazozuiliwa kwa oili, wazo lilikuwa lilelile lililo ndani ya mabomba yangu: oili isukumwe kupitia matundu. Tundu lisilobadilika lina tabia moja ngumu. Kani inayohitajika kuipitisha oili hukua kwa mraba wa mwendo. Mwendo wa shokapu ukiongezeka maradufu, ukinzani huwa mara nne. Ukiongezeka mara tatu, ukinzani huwa mara tisa. Breki huisukuma shokapu polepole, kwa hiyo oili hupita karibu bila kuzuiwa na pikipiki huinama. Ukingo mkali huisukuma kwa kasi kubwa mno, oili haiwahi kupita, na kwa kitambo hicho bomba zima huwa kama chuma kimoja. Malalamiko yangu mawili hayakuwa yanapingana hata kidogo. Yana asili moja, na oili nzito ya mtangulizi wangu ilizidisha lile la pigo huku ikificha kidogo lile la breki.

Dawa ni vali inayoitwa emuleta, ambayo hukaa juu ya fimbo ya ndani na kushikiliwa hapo na springi kuu. Ina tundu dogo kwa mwendo wa polepole, na sahani inayoshikiliwa na springi ndogo ambayo hufunguka shinikizo likipita kiwango fulani, hivyo ukinzani hukua kwa utaratibu badala ya kuruka. Ili ifanye kazi, matundu ya zamani ya fimbo hayapaswi kuzuia chochote oili inaposukumwa na mshtuko. Fimbo yangu ilikuwa na matundu mawili ya milimita 6, yenye eneo la milimita za mraba 57 kwa jumla. Nimetoboa yawe sita ya milimita 8, yaani milimita za mraba 302, zaidi ya mara tano. Matundu madogo yaliyo juu, yanayoongoza shokapu inaporudi, sikuyagusa. Upande huo bado unaamuliwa na unato wa oili.

Kutoboa hakurudishiki, kwa hiyo nilitafuta fimbo nyingine mbili zilizotumika na kuziweka zile za awali kabatini. Baada ya drili nilipitisha tupa ya duara na msasa kila tundu, ndani na nje, nikaziosha mara tatu kwa mafuta ya taa. Chembe moja ya chuma ikibaki humo huenda moja kwa moja kwenye bushi mpya.

Wiki ya sita: emuleta ndani

Emuleta nimezianza na mizunguko miwili ya kukaza springi zake ndogo, na oili nimepanda hadi 15W ili mwendo wa kurudi uwe mtulivu. Nilipopima, kuzama kulikuwa kumeshuka hadi milimita 29. Nilitambua sababu papo hapo: unene wa emuleta ni milimita 10, nao umeibana springi kwa kiasi hichohicho. Nilikata milimita 14 kwenye vipande vya bomba vya juu, kumi za kufidia na nne nyingine kwa kuwa 39 ilikuwa kidogo chini ya nilichotaka. Sasa ni milimita 43, asilimia 31 ya safari.

Safari ya kwanza ilikuwa kwenye kipande kilekile chenye mashimo ninachokipima tangu mwanzo. Gurudumu liligonga ukingo na mikono ikasikia mguso mfupi, wa duara, ukaisha. Nilirudi nikapita tena mara nne, kila mara kwa kasi zaidi, kwa sababu sikuamini. Kwenye breki, hata hivyo, sehemu ya mbele ilishuka haraka kuliko nilivyopenda.

Wiki ya saba

Nimeongeza nusu mzunguko kwenye emuleta, ikawa miwili na nusu. Kuzitoa ni kazi ya kufungua vifuniko, kuvuta springi, na kuzinyanyua kutoka ndani ya oili kwa waya uliokunjwa ncha. Kila mguu ulichukua kama dakika 20. Kuinama kwa breki sasa kuna mwendo ninaoweza kuutarajia, na pigo halijarudi. Nilijaribu pia mizunguko mitatu kwa siku mbili, lakini mikono ilianza kusikia kila kiungo cha lami, kwa hiyo nimerudi kwenye miwili na nusu.

Wiki ya kumi, kilomita 1,000 tangu emuleta

Nimemwaga oili ili kutoa uchafu wa bushi mpya zinapojilaza. Ilitoka ikiwa na giza kidogo, bila chembe zinazong'aa, na kiasi kilekile pande zote mbili. Nimejaza mpya kwa milimita 150 za hewa kama awali. Sili ni kavu. Kamba ya plastiki, baada ya breki tatu kali mfululizo, imesimama kwenye milimita 121, na pengo la msuguano, ambalo lilianza likiwa 14, leo ni 5.